Neno "safari": lilivyotoka kwetu na lilivyorudi

Muhula uliopita, katika darasa la semantiki la mwaka wa kwanza, niliwataka wanafunzi wangu watunge sentensi za Kiswahili kwa kutumia maneno ambayo Kiingereza kimeyakopa kutoka kwetu. Lilikuwa zoezi jepesi la kuwachangamsha, kwani saa zilikuwa za baada ya chakula cha mchana na macho ya wengi yalikuwa mazito. Tulipolifikia neno "safari", msichana mmoja kutoka Mandera aliinuka akasema bila kusita: "Mimi sijawahi kwenda safari hata siku moja."

Darasa halikucheka. Hakuna aliyeona kioja chochote. Nilikuwa nimeegemea meza, nikajiuliza iwapo nimesikia vyema. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000, na majuma machache kabla ya siku hiyo msichana huyo huyo alikuwa amenieleza kwamba alichelewa kujiandikisha kwa sababu basi lao lilikaa njiani siku mbili. Nilipomkumbusha jambo hilo alitabasamu kwa adabu, kisha akanisahihisha: "Hiyo ilikuwa kuja chuoni, mwalimu. Safari ni kwenda Maasai Mara."

Kwa kila kipimo cha sarufi, sentensi yake ilikuwa ya Kiswahili. Nafsi ipo, kitenzi kimekanushwa barabara, upatanisho hauna dosari. Hata hivyo neno moja ndani yake lilikuwa limevaa maana ya kigeni. Sauti ilikuwa yetu, lakini maana ilikuwa ya Kiingereza. Wala yeye hakuwa na habari kwamba amezungumza lugha mbili kwa wakati mmoja.

Naomba basi, ndugu msomaji, tulifuate neno hili hatua kwa hatua. Ni neno la Kiingereza kamili, lenye makao katika kamusi zao, lenye wingi wake wa "safaris", na ambalo wakati mwingine hata hugeuzwa kitenzi. Papo hapo ni neno letu tulilolala nalo na kuamka nalo tangu utotoni. Mwalimu wa Kiingereza hukutana nalo katika insha, naye mwalimu wa Kiswahili hukutana nalo katika insha, na mara nyingi kila mmoja hudhani kwamba anasahihisha neno lile lile.

Mzizi wake ni wa Kiarabu. Waarabu husema "safar" wakikusudia mwendo wa kutoka mahali hadi mahali pengine palipo mbali. Katika mzizi huo huo wanaye "musafir", ambaye kwetu amekuwa msafiri, na pia "safir", yaani mjumbe wa taifa moja katika taifa jingine. Hili la mwisho sisi hatukulichukua. Tulimpendelea balozi, aliyetufikia kwa mlango mwingine kabisa.

Neno "safar" halikuja pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Lilienea kila ulikofika Uislamu na biashara iliyoandamana nao. Waajemi na wasemaji wa Kiurdu husema "safar". Jirani zetu Wasomali nao husema "safar", ilhali Waturuki husema "sefer". Tazama sasa jambo moja: katika lugha zote hizo nomino hiyo hukomea kwenye konsonanti. Kiswahili ndicho kilichoitia irabu mwishoni, kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Irabu hiyo moja, "i", ndiyo cheti cha kuzaliwa cha neno la Kiingereza.

Nasema hivi kwa sababu hunijia mara kwa mara mwanafunzi mwenye kitabu mkononi, akiniambia kwamba "safari" ya Waingereza ni neno la Kiarabu. Humjibu kwamba lau Waingereza wangalilichukua kwa Waarabu moja kwa moja, leo wangesema "safar". Walilichukua likiwa na irabu yetu. Walilichukua hata na mkazo wetu: Mwingereza hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Mswahili, ijapokuwa ile "a" ya kwanza huimeza kidogo kama ilivyo desturi yake kwa silabi zisizo na mkazo. Kiarabu basi ni babu, nacho Kiswahili ni mzazi. Kamusi nzuri za Kiingereza huandika hivyo hivyo, na kwa utaratibu huo huo.

Hapa inafaa niwaonye wanafunzi juu ya mtego mmoja. Yuko atakayesikia "safari", akaukumbuka mwezi wa Safar wa kalenda ya Kiislamu, ambao watu wa pwani huuita Mfunguo Tano, akatunga hadithi tamu kwamba huo ni mwezi wa kusafiri. Mwingine ataitazama sufuria jikoni na kudai kwamba nayo ni ya ukoo huo, maadamu wasafiri hubeba sufuria. Hadithi zote mbili hazina msingi. Kiarabu kina "s" za aina mbili ambazo masikio yetu yamezifanya moja. Ile ya mwezi wa Safar na ya sufuria ni nyingine, na mizizi yake ni mingine. Etimolojia haifanywi kwa kusikiliza tu. Maneno yanaweza kufanana kama mapacha ilhali wazazi wao hawajapata kuonana.

Neno lilipokwisha kukaa kwetu lilianza kupanuka. Kwanza ni mwendo wenyewe. Kisha likawa na maana ya mara au zamu: twasema "safari hii hutaniponyoka", au "safari ya kwanza alishindwa, ya pili akafaulu", wala hapana aliyefunga mzigo. Jambo la kupendeza ni kwamba Waturuki nao husema "bu sefer", yaani safari hii, kwa maana hiyo hiyo ya mara hii. Sidai kwamba mmoja alimwigiza mwenzake. Pengine jamii zilizoishi kwa kwenda na kurudi, jahazini au nyuma ya ngamia, huona wepesi wa kuyahesabu mambo kwa safari. Hatimaye, na hili wengi wetu tumelisahau, "safari" ilikuwa pia ni kundi la watu wenyewe waliojifunga kwa mwendo: wapagazi, walinzi, wapishi, na mizigo yao. Maana hiyo imo katika kamusi za kale kama ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Tuishike, kwa kuwa ndiyo iliyoufungua mlango wa Kiingereza.

Kabla ya kuuingia mlango huo, niruhusiwe kusimulia kisa changu.

Nilisomea shule ya msingi Voi. Mwaka 1991, nikiwa darasa la sita, tulipewa insha ya Kiingereza juu ya mwendo ambao hatutausahau. Nami niliusimulia ule tulioufanya na mama kwenda Msambweni kumtazama shangazi aliyekuwa mgonjwa. Niliandika jinsi basi lilivyoharibika Mariakani, tukalala kando ya barabara juu ya leso ya mama. Jinsi tulivyosongamana katika feri ya Likoni. Na jinsi shangazi alivyonishika mkono asiweze kusema neno. Katika sentensi ya kwanza kabisa niliandika kwamba mimi na mama tulikwenda "on safari" hadi Msambweni. Insha iliporudi, neno hilo lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika kwa Kiingereza: "Safari? Uliona wanyama wangapi?" Akalisoma swali lake mbele ya darasa, nao wenzangu wakaangua kicheko.

Kilichoniuma ni kwamba sikulielewa kosa. Neno nililijua. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa "baba yuko safarini" kila alipopanda garimoshi kwenda kazini. Isitoshe, kwa wasioijua barabara ile, kutoka Voi kuteremka Mombasa ndovu huonekana kutoka dirishani mwa basi, wekundu kwa mchanga wa Tsavo. Nilikuwa nimewaona wanne. Sikuwataja katika insha kwa kuwa sikuona kwamba wanahusika.

Je, mwalimu yule alikosea? Swali hilo nimelibeba kwa zaidi ya miaka 30, na jibu langu limebadilika mara mbili. Ili tulijibu sharti tujue Waingereza walilifanya nini neno hili baada ya kulitwaa.

Katikati ya karne ya 19 misafara ilikuwa ikipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ikichukua vitambaa, shanga na nyaya, na kuteremka na pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walijiunga na njia hiyo, wakalifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858. Burton alikijua Kiarabu vizuri na alikuwa mtu wa kunasa maneno. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa makuu alilitumia neno letu, naye ni miongoni mwa wa kwanza kuliingiza katika maandishi ya Kiingereza. Kwake yeye, safari ilikuwa msafara, na msafara ulikuwa kazi ngumu: homa, wapagazi kutoroka usiku, na kulipa hongo kila mpakani. Hongo nayo, kwa njia, wakati huo ilikuwa ushuru wa halali ambao mtawala alimtoza apitaye katika nchi yake. Leo mtu hukamatwa kwa kuitoa.

Naam, huyo Mwingereza wa kwanza kulitumia neno hili alilitumia karibu sawa na sisi. Mgeuko ulikuja baadaye. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo asiyependa kutembea kwa miguu hakulazimika. Mwendo ulipokwisha kuwa mwepesi, waliobaki wakienda kwa msafara wa wapagazi walikuwa wale wenye fedha za kuununua ugumu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, majuma machache tu baada ya kuondoka katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa akiwa na mwanawe Kermit. Wapagazi wao walihesabika kwa mamia, na baba na mwana kwa hesabu yake mwenyewe waliangusha wanyama 512. Magazeti ya ulimwengu yalimfuata, na mwaka 1910 kitabu chake kikatoka. Tangu hapo neno "safari" halikuhitaji tena kufafanuliwa kwa msomaji wa New York wala wa London.

Lakini lilikuwa limekwisha kuwa neno jingine. Sisi wanaisimu hupenda kuivunja maana ya neno katika vijisehemu vyake, kama fundi anavyoifungua saa. "Safari" ya Kiswahili ina kijisehemu kimoja kikubwa, yaani mwendo wenye umbali. Haijali unakwenda kwa nini, au kwa chombo gani, wala kama una furaha au msiba. Ile ya Kiingereza ilikusanya vijisehemu vitatu vipya: iwe Afrika, pawepo wanyama wa mwituni, na msafiri awe amekwenda kwa hiari na starehe yake. Mwendo wenyewe ukawa si kitu. Mtu anaweza kuwa "on safari" huku amekaa garini mahali pamoja tangu asubuhi, akimngojea chui ateremke mtini.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Bunduki ikatoka, kamera ikaingia, na neno halikubadilika hata herufi. Tayari mwaka 1966 kule Longleat, katika jimbo la Wiltshire nchini Uingereza, ilikuwa imefunguliwa bustani ambamo watu waliendesha magari yao katikati ya simba, nayo ikaitwa ya "safari". Kijisehemu cha Afrika kikawa kimeanguka. Mwaka 2003 kampuni ya Apple iliipa programu yake ya kupitia intaneti jina la Safari, na hapo hata wanyama wakaondoka. Kuhusu mavazi, ile suti ya mikono mifupi ambayo Mwingereza huiita ya safari, sisi tumeipa jina la Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na chini ya jina hilo ndiyo iliyopigwa marufuku katika Bunge letu mwaka 2023. Nadhani Mkenya hakuona jinsi vazi la kukalia ofisini linavyoweza kuitwa la safari, nami namuunga mkono.

Mahali pamoja tu katika Kiingereza ambapo neno hili lilidumu na damu yake ya Kiswahili ni mashindano ya magari. Yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakiitwa Safari tangu siku ya kwanza. Waliotangulia mbele yetu wanakumbuka Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Mashindano hayo yalitolewa katika mfululizo wa ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudishwa mwaka 2021 katika vumbi la Naivasha. Matope, umbali, usiku, gari kuharibika porini: hiyo ni safari kama niliyoijua mimi na mama pale Mariakani. Sijasikia mtu akimwuliza dereva ameona wanyama wangapi.

Kwa hiyo Waingereza waliliazima neno la taabu wakalifanya la raha. Sishangai sana, maana neno la taabu walikuwa nalo. "Travel", linalofundishwa kila shule, ni ndugu wa neno la Kifaransa lenye maana ya kazi ya suluba, na ukilifuata zaidi utafika kwenye Kilatini cha chombo cha mateso. Kwa Mwingereza wa kale, kusafiri kulikuwa kuteseka. Nalo "journey" latokana na neno la Kifaransa la siku, kwani lilikuwa kipimo cha mwendo wa kutwa. Waswahili hawakuwa mbali na mawazo hayo. "Msafiri maskini ajapokuwa sultani," walinena, wakijua kwamba njia humvua mtu cheo chake na kumfanya aombe maji kwa asiowajua.

Nirudi sasa kwa mwalimu wangu wa Voi. Kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa mkosaji. Nilipokuwa chuoni nikisomea isimu, nilimwonea fahari hata kidogo: nilitambua kwamba alikuwa sahihi. Neno lililokopwa huwa mali ya mkopaji, nalo hufuata sheria za nyumba mpya. Sisi wenyewe hatumruhusu Mwarabu atuambie kwamba "hadithi" au "dhambi" yapaswa kutumiwa kama atumiavyo yeye. Msomaji wa London akiambiwa kwamba mtoto na mamaye walikwenda "on safari" kumwona shangazi mgonjwa, atadhani wamekwenda na darubini. Kwa kipimo hicho duara jekundu lilistahili.

Baadaye zaidi niligundua kwamba jambo hilo lina upande wa tatu. Maofisa wa kikoloni waliotawala wilaya zetu walikuwa wakisema wako "on safari" kila walipozunguka vijijini kukusanya kodi na kusikiliza kesi, wala hawakuwa wakitazama wanyama. Kiingereza kilichozungumzwa hapa Afrika Mashariki kiliishika maana pana ya neno hili, na mpaka leo utamsikia karani akikuambia kwa Kiingereza kwamba bosi yuko "on safari", kumbe amekwenda mkutanoni Eldoret. Hicho si Kiingereza kibovu. Ni Kiingereza cha mahali, chenye historia yake. Kamusi ya Oxford yenyewe, mwaka 2022, iliingiza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma" na "sambaza". Kama wamekubali kula nyama yetu, watatuvumilia na safari zetu.

Kwa hivyo leo, ningeletewa insha ile niisahihishe, ningeweka alama ya kuuliza pembeni mahali pa duara. Kisha ningemwita mtoto nimweleze kwamba msomaji wa mbali atafahamu vingine, na kwamba kuna "journey" na "trip" za kumwondolea shaka. Nisingeisoma mbele ya darasa.

Walimu wa Kiingereza wanaweza pia kuyaangalia mambo mawili ya matumizi ambayo wanafunzi huyahamisha kutoka Kiswahili. Sisi twasema "kwenda safari" bila kihusishi chochote, kwa hiyo mtoto huandika "go safari". Kiingereza hudai "on" katikati. Pili, kwetu umoja na wingi wa neno hili ni mamoja, safari hii na safari hizi, kwa kuwa ni la ngeli isiyobadili umbo. Mtoto akisahau "s" ya Kiingereza hajazembea. Amefuata ngeli aliyoizaliwa nayo.

Hayo ni madogo. Linalonikosesha usingizi ni la msichana wa Mandera.

Si ajabu neno kukopwa, likageuka, kisha likarudi kwa mwenyewe likiwa na sura nyingine. Wafaransa walikuwa na "bougette", mfuko mdogo wa ngozi. Waingereza wakalichukua, wakalifanya "budget", kwanza mfuko na hatimaye hesabu za fedha za serikali zilizotolewa mfukoni. Wafaransa wakalichukua tena, na leo husema "budget" kwa maana ya Kiingereza. Ile "bougette" yao wameisahau. Hakuna Mfaransa aliyedhurika. Mfuko una majina mengine.

Sisi je? Kiswahili hakina neno jingine lenye upana wa safari. "Mwendo" ni finyu, "ziara" ni ya kutembelea, "matembezi" ni ya kujifurahisha. Ikiwa safari itakuwa ya Maasai Mara peke yake, ile ya siku mbili katika basi kutoka Mandera itaitwaje? Mwanafunzi wangu alikwisha kunipa jibu: itaitwa "kuja chuoni". Yaani haitaitwa kitu.

Najua nitaulizwa: wewe mwanaisimu, si ndiwe unayefundisha kwamba lugha hubadilika? Hongo imegeuka na hukulia. Ni kweli, sikulia. Hongo iligeuka mikononi mwa wasemaji wake, waliotaka neno la kuliita ovu walilokuwa wakiliona kila siku. Mgeuko huu mwingine sioni kwamba umetokana na haja yetu. Umetoka katika mabango ya hoteli na matangazo ya redio yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, yakituambia kwamba safari ni kitu cha kununuliwa, chenye bei, ambacho wengi wetu hatujawahi kukimudu. Mtoto hulisikia neno hilo katika matangazo mara nyingi kuliko anavyolisikia kwa nyanya yake, na taratibu huanza kuamini kwamba yeye, anayetumia siku nne kwa muhula barabarani, hajasafiri.

Baada ya somo nilimwuliza msichana yule kwao kwa Kisomali mwendo kama wake huitwaje. Akajibu papo hapo: "Safar." Kisha akanyamaza, akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza mchana huo. Hakusema zaidi, nami sikumwongezea. Lakini muhula ulipofungwa alinitumia ujumbe wa simu kwamba amefika nyumbani, na kwamba safari ilikuwa ndefu.

Mwezi uliopita nilikwenda Voi kumwamkua mama. Tulikaa barazani, magari ya watalii yakipita kuelekea lango la Tsavo, nami nikamsimulia mambo haya yote: insha, duara jekundu, msichana wa Mandera. Akasikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye wageni wanaolipa fedha nyingi kwenda "safari", aliinua uso.

"Huwa wanakwenda wapi?" akauliza.

"Hawaendi mahali hasa, mama. Wanaingia mbugani, wanatazama wanyama, jioni wanarudi hotelini kula na kulala."

Akapeperusha makapi. "Hayo ni matembezi," akasema.